Mwongozo kamili: kuchagua katheta ya kupiga picha mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono

Katheta (mirija myembamba inayopitishwa ndani ya mshipa) nyingi zilizopo kwenye kabati la kathlabu yako, chumba cha kupigia picha mishipa ya moyo, zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayeingilia kwenye paja. Melvin Judkins na Kurt Amplatz walitoa maumbo yao mwaka 1967, wakati ateri ya paja ndiyo ilikuwa mlango. Lucien Campeau wa Montreal aliripoti picha za mishipa ya moyo zilizopigwa kupitia ateri ya radiali, ile ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, mwaka 1989, na miaka michache baadaye Ferdinand Kiemeneij kule Amsterdam akaanza kuweka stenti (kijibomba kinachoachwa ndani ya mshipa uliofinyika ubaki wazi) kwa njia hiyohiyo. Leo miongozo ya Ulaya na ya Marekani inautanguliza mkono. Kwa hiyo tuna vifaa vya paja tunavyovipitisha mkononi, na karibu kila usumbufu utakaoupata mezani unaanzia hapo.

Mwongozo huu ni kwa madaktari wanaoanza, wauguzi wanaopanga meza na radiografa wanaokaa nao. Nimeuandika nikifikiria mazingira ya Dodoma: kabati si kubwa, mzigo unatoka Dar es Salaam, na mgonjwa huenda amekuja na basi kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni na anataka kurudi akiwa amekaa kitini. Huyo wa mwisho ndiye sababu nzuri kuliko zote ya kutumia mkono. Ukimtoboa paja atalala chali kwa saa kadhaa. Ukimtoboa mkono anakaa, anakunywa chai na kwenda msalani mwenyewe.

Kabla hujafungua pakiti

Soma faili. Kuna mambo manne yanayoamua katheta kabla hujamwona mgonjwa kwenye skrini: urefu wake, presha yake ya miaka mingi, hali ya figo, na kama amewahi kufanyiwa upasuaji wa baipasi, yaani kuunganishiwa mshipa wa kupita pale palipoziba.

Presha ndiyo kubwa kwetu. Mzee aliyeishi na presha bila dawa kwa miaka mingi, aota yake, ateri kuu inayotoka kwenye moyo, huwa imepanuka na kurefuka, na ateri zinazotoka kwenye tao la aota zimejipinda. Kama kipimo cha eko (altrasaundi ya moyo) kinaonyesha mzizi wa aota umetanuka, andika ukubwa wake kwenye ubao wa chumba, maana ndio utakaokuambia kama katheta ya kawaida itafika.

Kwa mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa figo, simama kwanza. Ateri ya radiali ni mali ya daktari wa figo pia, kwa sababu ndiyo anayoitegemea kutengeneza fistula ya kusafishia damu. Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo, mazungumzo hayo hayahitaji barua ndefu. Piga simu. Mara nyingi jibu litakuwa usiguse mkono usiotumika sana, na wakati mwingine usiguse mkono wowote.

Halafu kuna jambo dogo ambalo vitabu vya ughaibuni havilitilii maanani. Mgonjwa aliyefunga tangu jana usiku, akasafiri kwenye joto, anafika mezani amekauka. Mshipa wake umesinyaa, na figo zake zinaisubiri kontrasti (dawa inayoifanya mishipa ionekane kwenye picha) bila maji. Maji meupe yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya kipimo, usimnyime. Na Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukiwa umemgandisha mikono, mfunike mkono na blanketi wakati anasubiri, kwa sababu mkono wa baridi ni rahisi kukaza.

Hatua ya kwanza: mkono upi

Mkono wa kulia ndio chaguo la wengi, kwa sababu ya jinsi meza na daktari walivyokaa. Mkono wa kushoto ni bora katika hali tatu. Ya kwanza, mgonjwa aliyewekewa baipasi kwa kutumia ateri ya ndani ya kifua ya kushoto: huwezi kuipiga picha vizuri ukitokea kulia. Ya pili, mzee mfupi mwenye presha ya miaka mingi, ambaye ateri ya chini ya mtulinga upande wa kulia mara nyingi imejikunja. Ya tatu, aliyeshindikana kulia safari iliyopita.

Tofauti hii inagusa katheta moja kwa moja. Ukitokea kushoto, katheta inaingia kwenye aota kwa mwelekeo unaofanana na ule wa paja, hivyo saizi za paja zinafanya kazi bila kubadilishwa. Ukitokea kulia, inapita kwenye shina la brakiosefaliki, ateri fupi inayounganisha ile ya mkono wa kulia na aota, na kupata pinda la ziada, na hapo saizi zinabadilika.

Hatua ya pili: unene

Namba ya French ni theluthi ya milimita. Katheta ya 5F ina unene wa milimita 1.67 na ya 6F ina milimita 2 kamili. Lakini kinachokaa ndani ya mshipa ni shithi, yaani ala fupi ambayo katheta hupitia ndani yake, na shithi ya kawaida ya 6F kwa nje inafika kama milimita 2.5. Ateri ya radiali ya mtu mzima mara nyingi iko kati ya milimita 2 na 3, na ya mwanamke ni nyembamba zaidi. Fanya hesabu mwenyewe.

Kwa kupiga picha tu, 5F inatosha. Inatoa picha nzuri, inatumia kontrasti kidogo na haiuchokozi mshipa. Chukua 6F pale unapotarajia kuendelea na stenti palepale, au mgonjwa ni mkubwa wa mwili na unahitaji katheta inayotii mkono unapoizungusha. Siku hizi zipo shithi za ukuta mwembamba ambazo ndani zinapitisha 6F na kwa nje zinakaribia 5F ya kawaida. Ukizipata, zinamaliza ubishi huu wote. Kama una altrasaundi, pima mshipa kabla ya kutoboa. Ni kazi ya dakika moja.

Tenganisha pia katheta ya kupigia picha na ile ya kufanyia kazi. Zinafanana kwa macho, jina kwenye pakiti ni lilelile, lakini ya kufanyia kazi ina ukuta mwembamba na tundu pana. Muuguzi akikupa moja badala ya nyingine utagundua pale puto linapogoma kupita.

Hatua ya tatu: kufika kwenye aota salama

Baada ya shithi kuingia, mpe dawa ya kulegeza mshipa kupitia shithi yenyewe: verapamili miligramu 2.5 hadi 5, au nitrogliserini mikrogramu 100 hadi 200, au zote mbili, kufuatana na utaratibu wa hospitali yako. Verapamili iache kama presha iko chini, mapigo ni ya polepole au moyo umechoka sana. Mweleze mgonjwa kwamba atasikia mkono unawaka kidogo. Heparini ni lazima, uniti 50 kwa kilo au uniti 5,000 kwa wengi, kwa sababu bila hiyo mshipa unaweza kuziba baadaye hata kama kila kitu kingine kilikwenda sawa.

Katheta haitangulii hata siku moja. Waya unatangulia. Tumia wa inchi 0.035 wenye ncha ya J, na ile J ndogo ya milimita 1.5 ndiyo inayopita mkononi bila kuingia kwenye vijitawi. Ukisikia unagoma, hata kidogo, acha kusukuma. Ingiza kontrasti kiasi kupitia shithi uone kuna nini. Mara nyingi ni kitanzi karibu na kiwiko, tawi dogo, au mshipa umekaza. Kitanzi unakipita kwa waya mwembamba wa inchi 0.014, na kama katheta inakwaruza ukuta, tanguliza puto dogo lililojazwa nusu nje ya ncha yake. Waya wenye utelezi nao unapita pagumu, ila unaingia popote. Usiusukume bila kuuona kwenye skrini.

Ukifika begani na waya unataka kushuka chini badala ya kuelekea kwenye moyo, mwambie mgonjwa: "Mzee wangu, vuta pumzi ndefu, ishikilie." Kiwambo kinashuka, tao la aota linanyooka, na waya unadondoka kwenye aota inayopanda. Mbinu hii rahisi inaokoa katheta nyingi. Ikigoma kabisa, na waya kila mara unapita nyuma, fikiria ateri ya chini ya mtulinga ya kulia inayotokea mwisho wa tao badala ya mwanzo. Si jambo la kawaida, lakini likitokea ni busara kuhamia mkono wa kushoto mapema.

Hatua ya nne: koronari ya kushoto

Koronari ndiyo mishipa inayolisha moyo wenyewe, na ya kushoto ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Shika katheta ya Judkins ya kushoto mkononi, ile iliyoandikwa JL. Ina mapinda mawili makuu: moja karibu na ncha, jingine juu yake. Namba iliyoandikwa, 3.5 au 4 au 5, ni sentimita kati ya mapinda hayo mawili. Ukitokea kwenye paja, pinda la juu linaegemea ukuta wa aota upande wa pili na ncha inasukumwa yenyewe kwenye mdomo wa mshipa. Ndiyo maana watu wa paja husema JL4 inajua njia. Ukitokea mkono wa kulia egemeo hilo linabadilika, na JL4 inakuwa ndefu. Kanuni ni hii: mkono wa kulia, punguza nusu. Anza na JL3.5. Mkono wa kushoto, baki na JL4.

Ipeleke juu ya waya hadi kwenye kisima cha valvu ya aota upande wa kushoto, kisha vuta waya taratibu ukiruhusu katheta ichukue umbo lake. Nyonya damu kwanza, sindano ikiwa imeinuliwa, hadi uhakikishe hakuna kapovu ka hewa. Sasa itazame. Kama ncha imelala chini ya mdomo wa mshipa na mkono wa katheta umenyooka karibu wima, ni ndefu, shuka saizi. Kama imejikunja ikarudi kwenye umbo la pakiti na ncha inatazama juu, aota ni pana kuliko katheta, panda saizi. Kwa yule mzee wa presha mwenye aota iliyotanuka, JL4, 4.5 au hata 5 kutokea mkono wa kulia si ajabu. Usiizungushe JL kwa nguvu ukitumaini itaingia. Umbo likiwa si lake, kuzungusha kunaongeza tu dakika za mionzi.

Mbadala wake ni katheta moja ya koronari zote mbili, inayopiga kushoto na kulia bila kubadilishwa. Maarufu ni Tiger ya kampuni ya Terumo, iliyobuniwa mahususi kwa njia ya radiali. Jacky ni ndugu yake. Faida yake iko wazi: unabadilisha mara chache, mshipa unachokozwa mara chache, na gharama inashuka. Kwa kathlabu yenye bajeti ya kubana, mimi ningeanza nayo kwa mgonjwa wa kawaida. Unaishusha kwenye kisima cha kushoto, unairudisha nyuma kidogokidogo huku ukiizungusha taratibu kinyume cha mwendo wa saa, na inaingia. Angalizo lake ni kwamba ina tabia ya kuingia ndani sana, au kuegemea tawi moja na kuliacha jingine. Sindano ya kwanza iwe ya majaribio, ndogo na ya upole.

Wakati mwingine tawi la mbele na la sikafleksi (linalozunguka kuelekea nyuma ya moyo) yana milango tofauti, bila shina kuu. Utaona upande mmoja tu umejaa kontrasti. Usiseme haraka kwamba mwingine umeziba. JL ndogo inatazama tawi la mbele. JL kubwa kwa nusu au moja inatazama chini na nyuma, kwa sikafleksi. Ikishindikana, Amplatz ya kushoto, AL1 au AL2, inaifikia.

Hatua ya tano: koronari ya kulia

JR4, Judkins ya kulia, inafanya kazi kwa wagonjwa wengi kutoka mkono wowote. Weka mashine kwenye pembe ya LAO (kamera imeinamishwa kuelekea upande wa kushoto wa mgonjwa), digrii 30 hadi 45. Iweke ncha juu kidogo ya valvu na izungushe kwa mwendo wa saa, polepole, ukiivuta kidogo sana. Neno ni polepole. Mkononi mzunguko unachelewa kufika kwenye ncha, halafu unafika wote kwa pamoja na katheta inaruka. Zungusha robo, subiri, zungusha tena. Ukizungusha zaidi ya nusu duara na ncha haijasogea, angalia mkononi na begani kwa skrini: pengine inajikunja huko juu, na dalili ya kwanza ni mstari wa presha kupotea. Irudishe kinyume taratibu juu ya waya. Kuivuta kunakaza fundo.

Tiger kwa upande huu inatoka kushoto, inavutwa juu kidogo na kuzungushwa mwendo wa saa. Inaingia vizuri, ila ina tabia ya kudaka kijitawi cha konasi, kile kidogo cha mwanzo. Ukikiingizia kontrasti kwa nguvu unaweza kuanzisha fibrilesheni ya ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo kutetemeka bila kusukuma damu. Tazama presha kabla ya sindano, kila mara.

Mshipa wa kulia ukitokea juu na mbele kuliko kawaida, chukua AL1. Ukielekea chini kwa ghafla, jaribu katheta ya matumizi mengi, MPA, au Amplatz ya kulia. Ukipanda juu kama fimbo ya mchungaji kabla ya kushuka, AL1 au AL0.75 ina egemeo zuri zaidi kuliko JR. Tahadhari moja ya Amplatz: haitoki kwa kuvutwa. Ukiivuta, ncha inazama zaidi na inaweza kuupasua mshipa kwa ndani. Isukume kidogo ncha irudi nyuma, izungushe itoke mdomoni, ndipo uivute.

Presha ikilala

Sentensi muhimu kuliko zote chumbani ni ya anayetazama monita: "Dokta, presha imelala." Aiseme kwa sauti, hata kama ni muuguzi mwanafunzi. Mstari wa presha ukipungua au ukibadilika umbo mara tu katheta inapoingia, ama ncha imegusa ukuta, ama imeingia kwenye tawi dogo, ama mdomo wa mshipa wenyewe umefinyika. Usiingize kontrasti. Rudisha katheta nyuma hadi presha irudi, kisha ingiza kidogo ukiwa nje ya mdomo. Kama ni shina kuu la kushoto lenye ugonjwa, picha moja au mbili zinatosha, toka. Katheta zenye matundu ya pembeni zinaweza kukuonyesha presha nzuri wakati damu haipiti ipasavyo, kwa hiyo ukiitumia, itilie shaka.

Kwa sindano ya mkono, mililita 6 hadi 8 kwa kushoto na 4 hadi 6 kwa kulia zinatosha kwa wengi.

Lini ubadilishe

Nashauri jaribio la dhati la dakika chache, kisha picha ndogo ya kontrasti ndani ya kisima cha valvu kuona mdomo uko wapi. Picha hiyo inagharimu mililita chache na inaokoa nusu saa ya kubahatisha. Ukishaona uelekeo, chagua umbo linaloelekea huko, si lile lililo karibu na mkono. Katheta mbili zikishindwa mfululizo, uliza mwenzako, badilisha mkono, au nenda paja. Kuhamia paja si aibu. Picha nusu ya mshipa wa kulia ndiyo tatizo, maana kuna mtu ataamua juu ya baipasi kwa kuitazama.

Kila unapobadilisha tumia waya mrefu wa sentimita 260, ubaki kwenye aota. Ukiutoa wote, utalazimika kupita lile bega lililojipinda upya, na mshipa uliokuwa umetulia unakaza. Katheta ikibanwa na mshipa, usiivute kwa nguvu. Dawa ya kulegeza tena, dawa ya maumivu na usingizi kidogo, kitambaa cha moto juu ya mkono, subira.

Kabati

Katheta ina tarehe ya mwisho. AL2 iliyonunuliwa kwa sababu ilikuwepo kwenye orodha ya nchi nyingine itakaa hadi iharibike, huku JL3.5 zikiisha kila mwezi. Nikipewa kuagiza kwa kathlabu ya mikoa hii ya kati, ningejaza Tiger 5F, JL3.5 na JR4. Kisha JL4 kwa kiasi, AL1 chache, na moja moja za JL4.5 au 5, MPA na ile ya ateri ya kifua. Pigiteli (katheta yenye ncha iliyojiviringa na matundu ya pembeni) ya sentimita 110 kwa ventrikali, kwa sababu katheta zenye tundu la mbele pekee hazifai kusukumia humo kontrasti kwa mashine. Kwa watu warefu sana sentimita 100 hazifiki; moja mbili za 125 ziwepo.

Anayetunza stoo na anayepanga ratiba wakae pamoja siku ya kuagiza. Nimewahi kuona kwenye kathlabu moja, ambayo sitaitaja, waya mrefu ukiwa umeisha na hakuna aliyejua hadi mgonjwa alipokuwa mezani.

Kutoa shithi

Bandika bangili ya kukandamiza, jaza hewa, toa shithi, kisha punguza hewa hadi damu itokeze tone, na urudishe hewa kidogo. Damu iendelee kupita chini ya bangili. Kukandamiza hadi mshipa ukatike ndiko kunakouziba kabisa. Hakikisha kwa kipima oksijeni kwenye kidole gumba: bana ateri ya alna, ile ya upande wa kidole cha mwisho, mawimbi yabaki.

Mwishoni andika kwenye ripoti mkono upi, shithi ya ukubwa gani, katheta iliyofaa kushoto na iliyofaa kulia, na palipokuwa na kitanzi au bega lililojipinda. Kama mdomo wa kulia ulihitaji AL1, iandike hivyo. Mgonjwa huyo akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, au akirudi kwako mwakani na maumivu mengine ya kifua, atakayesoma ataanza na AL1.